Njia Fupi Inapita Kisimani

Mungaa, siku ya kufunga sanduku lako

Mwanangu Damari,

Barua hufunguliwa kwa kuuliza hali. Yako naijua, ndiyo inayokupeleka Dodoma kesho. Yangu huijui, na mama yako amelala kaburini bila kuijua. Kwa hiyo nimeketi hapa mlangoni na karatasi nilizochana kwenye daftari lako la shule, wakati shangazi yako amekushika mkono mnazunguka kuaga majirani. Nina muda mpaka ng'ombe warudi. Barua nitaiweka juu ya nguo zako sandukuni. Isome leo leo, usingoje lori, maana mwisho wake una jambo la kesho asubuhi.

Mambo ya shuka, sabuni na tiketi ya treni pale Manyoni shangazi yako ameyasema mara tatu, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu atayasema ya nne. Mimi nayapita. Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo, lakini mdomo wangu ukifika hapa hugoma kama punda mbele ya maji. Nimejaribu Jumapili, nimejaribu juzi. Juzi uliniuliza, "Baba, ulitaka kusema nini?" nikakujibu kwamba ndama ana kupe.

Najua watu wanasema unapelekwa hospitali ya vichaa. Jirani yetu alifika hapa na jogoo wa pole kana kwamba kuna msiba. Wewe si kichaa. Sisemi hivyo kukufariji, nasema kwa kuwa ugonjwa wako ninao mimi. Ukishika nguzo ya nyumba, viganja vimelowa, pumzi inakatika, ukilia kwamba moyo unatoka na unakufa sasa hivi, wengine wanaona pepo. Mimi huwa najiona mwenyewe. Nimejiona hivyo kwa miaka minne, mwanangu, nikanyamaza.

Unakumbuka niliporudi vitani? Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukanishika koti ukaniuliza nilifanya nini huko. Niliwaambia wote kwamba Burma nilipigana, na miezi ya mwisho nilikuwa dereva wa lori kule India. Hata wimbo wa madereva niliwaimbia, nanyi mkapiga makofi. Damari, baba yako hajui kuendesha hata baiskeli. Ile miezi nilikuwa hospitali, nami sikuwa na jeraha hata la mwiba.

Ilikuwa hivi. Mapigano yalikuwa yamekwisha kwetu, tumerudishwa nyuma, tunakula vizuri na kunenepa. Siku moja mpishi akaangusha kifuniko cha sufuria. Nilijikuta chini ya lori, nimekumbatia gurudumu, nimejikojolea. Wenzangu walicheka, kisha wakaona sitoki, wakaacha kucheka. Baada ya hapo sikuweza kulala, sikuweza kusimama kwenye foleni ya chakula, na sikuweza kuvumilia mtu akisimama nyuma yangu. Nilijua nimerogwa. Nilihesabu hata watu wa huku nyumbani wanaoweza kuwa wamenifanyia hivyo, na mmoja wao sijamwomba radhi mpaka leo.

Kule hospitali palikuwa na bibi mmoja wa Kizungu, mfupi, mwenye mikono migumu kama ya mkulima. Kazi yake haikuwa sindano wala vidonge. Tulimwita Mama Vikapu. Alikuwa na banda lililojaa fito za henzerani, mbao na nyuzi, na koplo mmoja Mkamba wa kumtafsiria. Alinikalisha, akaniwekea fito mapajani. Nikamwambia yule koplo, "Mwambie kwetu hii ni kazi ya wanawake."

Koplo akasema naye, akanigeukia huku anazuia kicheko. "Mama anasema kwao pia. Anasema sasa shika."

Mikono ilitetemeka mpaka fito zikagongana. Hakuniuliza habari za vita hata siku moja. Aliniambia nisuke mizunguko mitatu tu, kisha niende nikalale. Kesho yake mitano. Nikivuta ufito niishushe pumzi polepole, nikigeuza kikapu nivute nyingine. Nilipoweza kukaa mpaka mchana, alinisogeza karibu na mlango, malori yanakopita. Nilipozoea mlango, akanituma stoo nikalete fito peke yangu, hatua arobaini. Nilirudi mbio mikono mitupu. Hakunigombeza. Aliniambia kesho niende mpaka nusu tu, nisimame pale mpaka moyo utulie wenyewe, ndipo nirudi. "Usirudi ukiwa bado unakimbizwa," koplo akanitafsiria. "Ngoja utulie, ndipo ugeuke." Siku ya tano nilileta fito.

Ndipo nilipomuuliza nina nini. Nakuandikia jibu lake kama nilivyolishika, maana kama ningekupa tangu mwanzo pengine kesho usingesafiri. Alisema kila mwili una mlinzi wake. Hatari ikija, mlinzi hupiga baragumu, moyo ukaenda mbio, pumzi ikapanda, tumbo likavurugika, miguu ikajaa damu ili ukimbie au upigane. Ni mlinzi mwema, bila yeye tungekwisha kufa. Ila mlinzi aliyetishwa sana hajui kwamba vita vimekwisha. Anaendelea kupiga baragumu kwa kifuniko cha sufuria. Ukimtukana hasikii, na ukikimbia kila anapopiga, anapata hakika kwamba hatari ilikuwepo kweli. Unamwonyesha tu, kwa kazi ya mikono na kwa hatua ndogo, kila siku, mpaka naye akae chini.

Halafu akaniuliza kabla ya vita nilikuwa nani. Nikamwambia mtu wa nyuki. Wiki hiyohiyo alinitafutia gogo na tezo. Nilichonga mzinga ndani ya ua wa hospitali, nikautundika kwenye mti wao. Nilipomaliza nililala usiku kucha. Sikupona kabisa, usidanganyike, lakini nilirudi kuwa mtu mwenye jina.

Nilitoka na kikapu kimoja nilichosuka kwa mikono yangu, chema, chenye kifuniko. Nilikibeba melini, nikakibeba kwenye treni kutoka pwani. Tulipokaribia Manyoni nikaanza kuona nyuso za nyumbani. Mwanamume wa Kinyaturu, askari, anarudi kutoka vitani na kikapu alichosuka! Nilikitupa dirishani. Kesho treni yako itapita hapohapo kwenda Dodoma. Usinitafutie, mchwa wamekwisha kukila.

Mama yako, wewe wajua, hapakuwa na msukaji kama yeye katika vijiji hivi. Ungo wake ulishika maji. Na kila alipokaa kivulini na nyasi zake, mimi niliinuka. Sauti ya nyasi zikivutwa ilinirudisha kwenye lile banda, nikaogopa mikono yangu isije ikanisaliti mbele yake. Siku moja aliniuliza, "Samweli, vikapu vyangu vimekukosea nini?" Nikamjibu nyuki wananingoja. Aliamini mpaka mwisho kwamba nachukia kazi ya mikono yake. Tungeweza kuketi pamoja, Damari. Ningeweza kumkosoa naye akanikosoa, tukacheka, tukazeeka. Nililinda jina la askari, nikamnyima mke wangu jambo ambalo lisingenigharimu chochote.

Tena nilikuwa na mizinga ya mbali, ile ya porini, mwendo wa nusu siku. Mlidhani naipendea asali yake. Nilikuwa nakwenda huko baragumu lilipoanza. Radi ikipiga, sherehe ikijaa watu, mlango ukibamizwa, nachukua panga na kibuyu, nawaambia nyuki wananingoja. Na kweli kule nilitulia, maana nyuki hawamtaki mtu wa pumzi za haraka. Lakini sikusema kamwe ni mizinga ipi.

Sasa nifike ninapoogopa.

Siku ile mlikwenda kisimani wewe na mama yako. Usiku kulikuwa na radi, na asubuhi nilikuwa nimeondoka. Yule nyoka swila alipomuuma mama yako, alikuambia kimbia ukamwite baba. Ulikimbia kwenye mizinga ya karibu, sikuwepo. Ukakimbia ya mtoni, sikuwepo. Ulirudi, ukakimbia tena, mtoto wa miaka kumi na mitano, miguu inatoka damu, unaita porini. Nilikuwa mbali na sauti yako kwa sababu nilikuwa nimejificha, na niliyekuwa namkimbia ni radi iliyokwisha kupita. Majirani waliponikuta na kunileta, jua lilikuwa limeinama, mama yako amelazwa uani amekwisha kufa, na wewe umesimama kando yake. Nami nikakuuliza mbele ya watu wote:

"Ulikuwa wapi muda wote huo?"

Hukujibu. Nadhani tangu saa ile hujanijibu bado.

Mtu akiumwa na nyoka hushtuka hata akiona ung'ongo, ndivyo walivyokuwa wakisema wazee ulipoanza kukimbia kamba na vivuli, na wengine wakacheka. Mimi sikucheka, lakini niliwaacha waamini kwamba ni nyoka. Wewe na mimi tunajua si nyoka peke yake. Ni lile swali.

Na liko jambo la pili, baya kuliko la kwanza. Baada ya mazishi bwana dresa wa zahanati aliniita pembeni. Aliniambia, "Mzee Samweli, usimlaumu binti. Hata lori lingekuwa linangoja pale kisimani, mama asingefika hospitali akiwa hai. Aliumwa shingoni alipoinama." Maneno hayo alinipa nikuletee. Nilitembea nayo mpaka nyumbani, nikakukuta umekaa na ndoo tupu mapajani, nikanyamaza. Kwa nini? Nimejiuliza miaka minne. Nadhani kwa sababu maadamu palikuwa na aliyechelewa, hapakuwa na aliyejificha. Nilimtwika binti yangu mzigo wangu, kisha nikamhurumia kwa uzito wake. Sasa nayaandika, na yamechelewa miaka minne: usingeweza kumwokoa. Hukuchelewa, Damari. Mimi ndiye niliyekuwa sipo.

Kwa aibu nikaanza kukupenda vibaya. Uliposhindwa kwenda kisimani, nikasema basi, shangazi yako ataleta maji. Ulipotetemeka mnadani, nikasema usiende mnadani. Kisha kanisa, kwa kuwa watu wanajaa. Kisha jembe, kwa kuwa shamba liko mbali na nyumba. Mwaka jana ulidondosha mchi, nikauchukua nikasema, "Pumzika, mwanangu, utatwanga siku nyingine." Watu walinisifu kwa kumtunza mgonjwa. Na mimi ndiye mtu pekee katika Mungaa nzima niliyefundishwa kwamba huyo mlinzi hanyamazi kwa kukimbiwa! Kila kazi niliyokupunguzia ilikuwa hatua moja nyuma kutoka stoo. Nilikutoa kisimani, nikakutoa shambani, nikakutoa uani, mpaka ikabaki pembe ya chumba na blanketi.

Ndiyo maana Sista wa misheni alipokuja kukuona, akauliza, "Nyumbani anafanya kazi gani?" na mimi nikajibu kwa majivuno, "Hafanyi kitu, Sista, tumempumzisha kabisa," aliniangalia kwa muda mrefu. Akasema kule Dodoma kuna daktari anayewajua wagonjwa kama wewe, na kuna nyumba ya kazi za mikono. Huko wataanza na kidogo, labda kusuka, labda kushona, kisha bustani, kisha dukani kununua chumvi mwenyewe. Alinieleza polepole, akidhani mzee wa kijijini hataelewa kazi inavyoweza kuwa dawa. Niliinuka nikaenda nyuma ya zizi. Ulidhani nimekwenda kutazama ng'ombe. Nilikwenda kulia.

Mficha maradhi kifo humuumbua, mama yako alipenda kusema hivyo kwa watu wasiotaka kwenda zahanati. Mimi kifo hakikuniumbua mimi. Kilipita kando kikachukua mwingine, nami nikabaki na heshima yangu.

Siku ile niliyotoa kikapu cha mama yako juu ya dari, kile alichokiacha nusu, ukaniona nimekaa nacho uani mchana kweupe, nilikuwa nimejaribu kukigusa usiku mara nyingi nikashindwa. Shangazi yako aliingia na maji, akasimama kama aliyeona mzimu. "Hee! Samweli! Na kanga tukutafutie?" Nikamwambia aipate ya rangi nyekundu. Alicheka mpaka akamwaga maji. Wewe ulikuwa nyuma ya mlango. Sikukutazama. Nilisuka vibaya, mikono imezeeka, na nyasi zetu si henzerani. Siku ya tatu ulitoka ukakaa mbali. Siku ya sita ulikaa karibu, ukasema neno la kwanza ambalo hukuulizwa:

"Baba, unakaza mno. Mama hakukaza hivyo."

Ukanichukulia kikapu, ukafumua mizunguko yangu miwili, ukasuka mmoja. Mikono yako ilitetemeka mwanzo, kisha ikasahau. Damari, nimepigana vita, nimepata mtoto, nimezika mke, na bado sijui kama nimewahi kuona kitu kilichoniumiza na kunifurahisha kwa pamoja kama mzunguko ule mmoja. Niliona tulichokuwa nacho miaka yote hiyo ndani ya nyumba, juu ya dari.

Sikuahidi kwamba utapona. Mama Vikapu hakuniahidi. Baragumu bado nalisikia, hata jana mlango ulipogonga. Siku hizi nakaa palepale nilipo, nalisikiliza mpaka linyamaze, kisha naendelea. Kule watakupa hatua ndogo mpaka utaona wanakudharau. Zichukue. Siku utakayorudi nyuma, na itakuwepo, usione kwamba umeanza upya. Zaidi ya hapo mimi si mtu wa kukushauri, nilikuwa na ushauri mzuri nikautupa dirishani. Na kama huko ukiona huwezi kunisamehe, usijilazimishe ili kunifurahisha. Niandikie tu unasuka nini.

Sasa la kesho. Wajua kwamba lori linasimama barabara kuu, na njia fupi ya kwenda huko inapita kisimani. Miaka minne tumezunguka majabali, saa nzima zaidi, jua kali, na watu wote wanajua kwamba mzee Samweli anazunguka kwa ajili ya binti yake. Hata wewe umewahi kuniomba radhi kwa kunichosha. Nilikujibu, "Si kitu, mwanangu, nakufanyia wewe."

Haikuwa kwa ajili yako. Nenda kamuulize shangazi yako: hata siku nilizokuwa peke yangu, nikienda mnadani na mbuzi, nilizunguka majabali. Tangu siku ile sijakanyaga pale kisimani. Mwenye hofu ya njia ile ni mimi, na wewe ulikuwa kisingizio changu.

Kesho, jua likichomoza, nitajitwika sanduku lako na nitashika njia fupi. Nitakwenda mbele, polepole. Sitakuita wala sitageuka kukutazama. Ukitaka kuzunguka majabali na shangazi yako, zunguka, hakuna atakayekulaumu, tutakutana barabarani. Ukitaka kunifuata mpaka nusu, fuata mpaka nusu, usimame mpaka utulie. Mimi nitafika kisimani na kusimama pale. Nitakuwa natetemeka. Kama utakuwa nyuma yangu utaniona, na kwa mara ya kwanza sitakuficha.

Na kama utanikuta pale, niulize lile swali, mwanangu. Niulize nilikuwa wapi muda wote huo. Nitakujibu.

Baba yako,
Samweli